Jinsi Chai Ilivyozoewa Uchagani



Apandaye kutoka mjini Moshi kwenda Marangu au Machame hupita kati ya mibuni iliyo chini ya kivuli cha migomba. Lakini akikaribishwa nyumbani asubuhi, apewacho si kahawa, ni chai. Leo nataka kuwaeleza jinsi jambo hili lilivyotukia.

Zamani kinywaji cha heshima Uchagani kilikuwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Kuipika kwataka siku kadha wa kadha. Nayo hunywewa arusini, katika mapatano na mbele ya wazee. Haikuwa kitu cha kumpa mpita njia papo hapo.

Chai ilitoka mbali. Jina lake asili yake ni Uchina, nalo likatufikia kwa njia ya Waajemi na Wahindi. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, bidhaa za pwani zilipanda bara kwa wepesi, na majani ya chai yakawamo. Misheni na shule nazo zikafunza watu kuinywa.

Lakini fedha za kuinunulia zilitoka wapi? Zilitoka katika kahawa. Wamisionari Wakatoliki walikwisha panda mibuni Kilema kabla ya mwaka 1900. Baadaye Wachagga wakailima wenyewe, na mwaka 1933 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Buni ilichumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa, kisha ikaenda zake ng'ambo. Fedha iliyorudi ikanunua, pamoja na karo na mabati, majani ya chai na sukari. Hivyo mlima ulitoa kahawa ukapokea chai.

Hata hivyo chai iliingia kama mgeni mwenye makuu: yataka birika, vikombe na visahani, kitambaa cha meza, mkate na sukari nyingi. Bibi yangu alikuwa na vikombe sita, akivifungia sandukuni. Siku moja ya mvua jirani alipiga hodi, naye amelowa chapachapa. Maziwa yalikuwapo, majani yalikuwapo, ila sukari hapana. Bibi akaona haya, akasema moto umezimika. Yule mama akarudi mvuani. Nami, mtoto niliyekaa karibu na moto ule ule, sijasahau.

Lakini desturi za nyumbani zikaishinda fahari. Sufuria iliwekwa juu ya mafiga, maji na maziwa ya ng'ombe wa zizini yakachemshwa pamoja na majani, na kando yake ndizi ikachomwa. Wala faida si ndogo. Maji ya mfongo hupita penye watu na wanyama kabla ya kufika nyumbani. Yakichemka barabara, vijidudu vya maradhi hufa.

Basi chai haikuwa yetu siku ilipofika dukani. Ilikuwa yetu siku mwenyeji alipoacha kuionea haya. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakutaja sukari. Bibi mwenyewe mwishoni alivitoa vile vikombe sandukuni, akavitumia kila asubuhi hata vikabaki viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili, cha yeyote aliyepiga hodi.