Duka, Ukoo na Daftari: Historia ya Biashara ya Rejareja Afrika Mashariki

Neno duka limetokana na dukkan la Kiarabu, ambalo Wagujarati nao wanalo kwa umbo la dukan, na kwa sababu ya nasaba hiyo ya pande mbili ni vigumu kuamua kama watu wa pwani walilipokea kwa Waarabu au kwa Wahindi. Lililo wazi ni kwamba kufikia mwisho wa karne ya 19 neno hilo lilikuwa limebeba zaidi ya maana ya mahali pa kuuzia bidhaa: liliashiria nyumba yenye chumba cha mbele kinachofunguka barabarani kwa milango ya mbao, familia ikiishi nyuma au ghorofani, na kibarazani akiketi fundi cherehani aliyeshona papo hapo kitambaa kilichonunuliwa ndani. Mwenyewe aliitwa dukawala, kwa kiambishi cha Kihindi chenye maana ya mtu wa kitu fulani. Historia ya maduka hayo husimuliwa mara nyingi kupitia bidhaa zake, yaani chumvi, shanga, na vitambaa vya merikani na kaniki, ilhali kilichoyaweka hai kizazi baada ya kizazi hakikuwa bidhaa bali mkopo, na chombo cha mkopo kilikuwa daftari.

Mkopo huo ulikwenda pande mbili. Kutoka juu, mfanyabiashara wa jumla wa Unguja au Mombasa alimpa mwenye duka shehena bila malipo ya awali, kwa utaratibu ambao Waswahili huuita mali kauli, kwa maana kwamba dhamana pekee ya mali ni kauli ya aliyeichukua. Kwenda chini, mwenye duka alimkopesha mkulima chumvi, jembe na nguo hadi msimu wa mavuno, kisha akapokea pamba, ufuta au ngozi badala ya fedha. Ndiyo maana duka la bara lilikuwa ghala la mazao sawasawa na lilivyokuwa mahali pa kuuzia, na mizani yake, ambayo wakulima wengi waliituhumu kwa haki kwamba inapunja, ilikuwa na kazi zaidi kuliko kipimo cha kibaba au cha debe. Baina ya wafanyabiashara wenyewe ilitumika hundi, yaani barua inayomwagiza mtu wa mji mwingine amlipe mchukuzi kiasi kilichoandikwa, nayo iliheshimiwa kwa sababu mwandikaji na mpokeaji walikuwa wa jamaa moja au madhehebu moja.

Aliyeukuza mfumo huu kupita wenzake alikuwa Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch, magharibi mwa India, mwaka 1851, akafika Bagamoyo angali mtoto na kufanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeandaa misafara ya kwenda bara na kuikusanyia wapagazi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, Visram aliifuata kwa kufungua duka baada ya duka, na kwingineko akaitangulia, hata makumi ya matawi yake yakaenea Kenya na Uganda. Kila tawi lilihitaji mtu wa kuaminika, na watu hao waliagizwa Gujarat: vijana waliofanya kazi miaka kadhaa kwa chakula, malazi na ujira mdogo, kisha wakapewa mali kauli ya kuanzia maduka yao, kwa sharti, lililotamkwa au lisilotamkwa, la kuendelea kununua kwa bwana wao wa zamani. Mfumo uliosimama juu ya jina la mtu mmoja ulikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa Visram alifariki mwaka 1916 na himaya yake ikasambaratika katika mwongo uliofuata, huku maduka madogo ya waliokuwa makarani wake yakiendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Uhai wa maduka hayo madogo ulitegemea kazi isiyolipwa. Mke alikaa kwenye meza ya mauzo mume alipokwenda kufuata mali, watoto walipima sukari kabla na baada ya shule, na kwa kuwa hakuna aliyelipwa mshahara, faida ya senti chache kwa ratili, kipimo cha karibu nusu kilo, ilitosha pale ambapo kampuni ya Kizungu ingefunga milango. Waandishi waliousifu uchapakazi huu hawakuuliza sana kama wake na watoto hao walikuwa na hiari, wala majina yao hayaonekani katika madaftari waliyosaidia kuyajaza.

Daftari lenyewe lilizua mgogoro wa kisiasa. Wafanyabiashara wengi waliandika hesabu kwa Kigujarati katika vitabu virefu vyenye jalada jekundu, ambavyo Wahindu na Wajaini huvifunga na kufungua vipya wakati wa Diwali, sikukuu ya taa inayofunga mwaka wao wa biashara. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza huko Tanganyika ilileta kodi ya faida na sheria mpya za leseni, na ikataka hesabu zitunzwe kwa lugha ambayo maofisa wake wangeweza kuikagua, jambo lililokiondoa Kigujarati. Wahindi walijibu kwa hartal, yaani mgomo wa kufunga maduka, uliodumu wiki kadhaa na kuonyesha ni kwa kiasi gani miji ilitegemea milango hiyo ya mbao.

Sheria iliyoacha athari ya muda mrefu zaidi, hata hivyo, ilikuwa ile ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyotungwa kwa sura mbalimbali Kenya na Tanganyika, na iliyomnyima mfanyabiashara asiye Mwafrika uwezo wa kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali cha serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumkinga mkulima asizame katika madeni, lakini mkulima aliendelea kukopa kwa kuaminiana, na aliyeumia ni Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake, kwa sababu mfanyabiashara wa jumla hakuthubutu kumpa shehena ambayo sheria isingemsaidia kuidai. Dai kwamba Waafrika hawakuwa na kipaji cha biashara, lililorudiwa sana katika enzi ya ukoloni, linasahau kwamba walitakiwa kuanza kwa fedha taslimu biashara ambayo washindani wao wote waliianza kwa kauli.

Chuki iliyozaliwa na hali hiyo ilijitokeza wazi Buganda mwaka 1959, wananchi walipoyasusia maduka ya Wahindi chini ya uongozi wa Augustine Kamya. Kenya ilipitisha mwaka 1967 sheria ya leseni iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na katika maeneo fulani, na mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yao yaligawiwa askari na wapambe, ambao wananchi waliwabandika jina la mafuta mingi, na kisa kilichovuma wakati ule kilimhusu mmoja wao ambaye, alipoulizwa bei ya shati, alitaja namba ya ukosi. Kisa hicho, kiwe cha kweli au cha kutungwa, kilielewa jambo ambalo serikali haikulielewa, kwamba aliyekabidhiwa rafu na shehena hakukabidhiwa uhusiano na wauzaji wa jumla, na kwa hiyo rafu zilipokwisha hazikujazwa tena. Kati ya waliofukuzwa, watu wapatao 28,000 walipokewa Uingereza, na wengi wakakaa Leicester ingawa baraza la mji huo lilitangaza gazetini Uganda kuwasihi wasije. Baadhi yao walichukua maduka ya kona ambayo Waingereza walikuwa wakiyaacha na kuyafufua kwa mbinu ileile ya familia nzima na saa ndefu za kazi.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilitaifishwa, na mwaka 1976 Operesheni Maduka iliamuru maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili ya ushirika yachukue nafasi yake. Amri ilitangulia maandalizi, maeneo mengi yakabaki bila duka la aina yoyote, na zoezi likasitishwa. Uhaba wa miaka iliyofuata, wakati sabuni na sukari zilipopatikana kwa foleni au kwa ulanguzi, ulilifanya daftari kuwa orodha ya watu wanaostahili kuuziwa kwa siri, hadi biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984.

Yapo maduka yaliyovuka vipindi vyote hivi. La Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa nembo ya kanga zake, Mali ya Abdulla, limebaki mikononi mwa ukoo uleule katika mtaa wa Biashara, likisaidiwa na uamuzi wa mapema wa kubuni michoro yake badala ya kuuza kazi za wengine. Nakumatt, kwa upande mwingine, iliyoanza kama duka la magodoro la familia mjini Nakuru na kukua kuwa mtandao mkubwa wa maduka nchini Kenya na nje yake, ilizidiwa na madeni ya wauzaji wake, rafu zikawa tupu, na ikafungwa mwaka 2020.

Dar es Salaam mwenye duka la mtaani siku hizi huitwa Mangi, cheo cha watawala wa Wachagga wa Kilimanjaro, hata akiwa hana nasaba na mtawala yeyote. Huuza sukari kwa robo na mafuta ya kula kwa kipimo kidogo, hupokea malipo kwa simu, na chini ya meza huweka daftari la shule lenye majina ya wadaiwa, wengi wakiandikwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Anayemsaidia kwa kawaida ni kijana wa ukoo aliyeletwa kutoka mlimani, anayelala ndani ya duka kulilinda usiku na kungoja mwaka ambao atapewa mzigo wa kuanzia lake.