Kilimo hifadhi Mbeya, Iringa: Nani abebe mzigo wa misimu ya mwanzo?

MIKOA ya Mbeya na Iringa huhesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula ya Tanzania. Mahindi, viazi na maharage ya huko, ambayo hufika hadi masoko ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa hulimwa na wakulima wadogo wenye ekari chache, kwa jembe la mkono au plau ya kukokotwa na maksai.

Hata hivyo, ardhi hiyo imechoka. Shamba likikatuliwa kwa kina kilekile kila mwaka, chini yake hujengeka tabaka gumu lisilopenyeka kwa urahisi na mizizi wala maji. Mvua za Novemba hukuta udongo mtupu, hasa pale mabua yalipochomwa moto, na rutuba huteremka na maji hadi mabondeni.

Kilimo hifadhi hukusudia kuzuia hasara hiyo kwa mambo matatu: kutokatua ardhi isipokuwa pale inapowekwa mbegu, kuufunika udongo kwa mabaki ya mazao au mimea hai, na kubadilisha au kuchanganya mazao, hususan mahindi na jamii ya mikunde.

Maarifa si haba. Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kina historia ndefu ya kazi za udongo na zana. Iringa ilikuwa na mradi wa Hifadhi Mazingira (HIMA) uliofadhiliwa na Denmark katika miaka ya 1990. Kwa majirani wa Ruvuma, Wamatengo wa Mbinga walikuwa wakilima kwa ngoro zamani sana kabla ya miradi yoyote, na wamisionari wa Peramiho walieneza marejea, mmea unaorutubisha udongo.

Kinachomkwamisha mkulima ni hesabu. Kukatua ni palizi ya kwanza. Asiyekatua hukabiliwa na magugu mengi katika misimu ya mwanzo. Atalazimika kulipa vibarua, kununua dawa ya kuua magugu, au kuongeza palizi ya mkono, ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake. Rutuba huja polepole, wakati ada ya shule inadaiwa Januari.

Zana nazo zina bei yake. Ripa, chuma kinachofungwa kwenye mti wa plau ili kichane mstari wa kupandia tu, si ghali kama trekta, lakini ni gharama kubwa kwa mwenye ekari mbili. Njia yenye mantiki ni kikundi kumiliki ripa moja na kuwachania wengine kwa malipo. Ajabu ni kwamba ruzuku kubwa za serikali, kuanzia vocha za 2008/09 hadi mpango wa usajili wa kidijitali ulioanza 2022/23, zililenga zaidi mbolea na mbegu.

Kwa mtaji, yapo makundi ya kuweka na kukopa pamoja na SACCOS. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), iliyozinduliwa 2015, huwafikia wakulima zaidi kupitia vyama vyao. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024.

Mikopo haitatui suala la mifugo. Baada ya mavuno, mashamba mengi hugeuka malisho ya wote, na matandazo aliyoyaacha mkulima huliwa na ng'ombe wa jirani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 huiruhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, na hapo mkutano wa kijiji una uzito kuliko semina yoyote. Sheria hiyo ndogo itavunjwa, hata hivyo, kama wafugaji hawakutengewa malisho.

Mkulima wa shamba la kukodi kwa msimu mmoja naye ana sababu ndogo ya kurutubisha ardhi ya mwingine. Hati za hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, zilijaribiwa mapema Mbozi, wakati huo ikiwa Mbeya na sasa mkoani Songwe. Kuanzia 2015, mradi uliofadhiliwa na Marekani ulisaidia kupima mashamba kwa simu za mkononi katika wilaya za Iringa na Mbeya.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi mabondeni. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, ulianza kukauka kila kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji, zuio linalogusa vinyungu, bustani za mabondeni zinazowapa Wahehe na Wabena mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Familia inayotakiwa kuondoka kwenye kinyungu hubaki na shamba la mlimani peke yake, na ndiyo inayopaswa kufikiwa kwanza na ofisa ugani, ripa na mkopo.