Unyanyembe 1860–1865: vita ya hongo, watumwa na kiti cha utemi

Ukitaja utumwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengi wetu akili inakimbilia Marekani: Kaskazini na Kusini, Lincoln, 1861 mpaka 1865. Sawa. Lakini miaka hiyo hiyo Unyanyembe, yaani Tabora yetu hii, nayo ilikuwa inawaka. Watu wa ukoo mmoja wa kitemi walipigana mpaka mmoja akakatwa kichwa. Hebu tuizungumze na hii.

Kwanza mazingira. Tabora, ambayo wageni wa zamani waliiita Kaze, ilikuwa njia panda. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikifika hapa inagawanyika: mingine inakwenda Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema, mingine inapanda Karagwe na Buganda. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, bunduki na baruti. Kurudi pwani zilikwenda pembe za ndovu na watumwa. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wameshajenga tembe zao, wana mashamba na watumwa wa kuyalima.

Mtemi Fundikira alikaa nao vizuri. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, kiti akashika Mnywa Sele. Huyu akasema mali yote inayoingia nchini mwake itozwe kodi, ya Waarabu ikiwemo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Waarabu wakagoma, wakachukua bunduki, wakamtoa na kumweka Mkasiwa, ambaye Speke anamwandika kuwa ni ndugu yake kwa baba. Nchi ikapasuka vipande viwili. Mnywa Sele akaingia porini na watu wake, akawa anavamia misafara na kufunga njia. Speke aliporudi mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, ikashindikana. Snay bin Amir, tajiri mkubwa wa Kaze aliyewakaribisha wazungu wale mara ya kwanza, aliuawa katika vita hiyo. Mwaka 1865 Mnywa Sele akakamatwa, akakatwa kichwa.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kuna watu wanaisimulia vita hii kama vile Mnywa Sele alikuwa anapigania kukomesha utumwa. Jamani, siyo kweli. Kule Marekani waligombana kama utumwa uenee au uzuiwe. Hapa hakuna upande uliotaka uishe. Waligombania nani atoze, nani ashike njia. Tena vita yenyewe ilizalisha watumwa, maana mateka waliuzwa au waligawiwa. Alipokuja Mirambo wa Urambo, mambo yakawa hivyo hivyo. Mwaka 1871 alifunga njia ya Ujiji, akawapiga Waarabu waliomfuata Wilyankuru (Stanley alikuwa upande wao), na Agosti hiyo akaingia Tabora kwenyewe, akachoma moto na kumuua Khamis bin Abdullah. Namheshimu sana Mirambo kwa kujenga dola kwa miaka michache tu. Ila rugaruga wake walichukua mateka kama wengine, na yeye alitaka biashara ipite mikononi mwake.

Jambo la pili linalochanganywa: eti kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa kwenye minyororo. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru wa ujira, wakipatana malipo kwa nguo, na wakipunjwa walitua mizigo wakaondoka zao. Lakini wakati wanaume wako safarini, mashamba nyumbani yalilimwa na nani? Sehemu na wake zao, sehemu na watumwa walioletwa kutoka Manyema na kwingineko. Kwa hiyo Mnyamwezi alikuwa mfanyakazi huru, na nyumbani kwake wakati mwingine alikuwa bwana wa mtumwa. Yote mawili ni ya kweli.

Halafu angalia dunia ilivyo ndogo. Nguo iliyopendwa zaidi njiani iliitwa merikani, pamba kutoka viwanda vya Marekani. Na pamba ile ilivunwa na watumwa wa Kusini! Vita yao ilipoanza, merikani ikaadimika Zanzibar na bei ikapanda.

Utumwa wenyewe uliondoka polepole. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini misafara ya bara haikukoma siku hiyo. Wajerumani walioivunja ngome ya Mtemi Isike Januari 1893 hawakuufuta. Walichofanya ni kutangaza kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Hiyo si zamani sana. Wapo babu na bibi zetu waliozaliwa kabla yake.

Kwa nini nayaandika haya? Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Ni jambo jema. Lakini mtalii au mwanafunzi akifika tembe la Livingstone pale Kwihara asisikie tu habari za mzungu mwema na Mwarabu mbaya. Aambiwe pia habari za Mnywa Sele na Mkasiwa, na za wale waliolima mashamba ya watu wengine na majina yao hayakuandikwa popote. Nimeshasikia kwenye mabishano ya mtaani mtu anatukanwa kwa asili ya bibi yake, kwamba "aliletwa". Tukinyamaza, tusi hilo litaendelea kuishi. Tukisema wazi kwamba wengi walihusika, wa mbali na wa hapa hapa, mwenye kuona aibu hatakuwa mjukuu wa aliyeuzwa.

Wazee wa Tabora, Urambo na Ujiji, kwenu mnasimuliaje? Karibuni tusahihishane.