Kuunga na Kurejesha Umbo: Historia ya Uamuzi juu ya Mfupa wa Kisigino na Lugha ya Ridhaa Wilayani Rusizi

Katika Kinyarwanda, kitenzi kunga hubeba kazi mbili: kutibu mfupa uliovunjika na kuwapatanisha waliogombana. Ndiyo maana wasuluhishi wa jamii huitwa abunzi, na tiba ya jadi ya mivunjiko huitwa kunga imvune. Kiswahili cha Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi unaotazamana na Bukavu, kina ndugu wa kitenzi hicho: kuunga. Kwa mifupa mingi neno hilo linatosha kuelezea lengo la tiba. Kwa mfupa wa kisigino linapotosha.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Kisigino huvunjika hasa mtu aangukapo kutoka juu, iwe mtini au kwenye jukwaa la ujenzi, akatua kwa miguu. Ndani, mfupa huu ni kama sifongo na hupata damu ya kutosha. Kwa hiyo karibu daima huungana, upasuliwe au usipasuliwe. Kinachobaki mashakani ni umbo lake: kimo, upana, na uso wa kiungo kilicho chini ya kifundo cha mguu. Daktari hajiulizi kama mfupa utaungana. Hujiuliza utaungana ukiwa na umbo gani, na kama kulirejesha umbo hilo kwa kisu kunastahili hatari za kidonda.

Majibu yamepingana kwa karibu karne nzima. Mwaka 1931 Lorenz Böhler wa Vienna alieleza pembe ya kisigino katika picha ya eksirei, ambayo kwa kawaida huwa kati ya digrii 20 na 40, na kuhimiza mfupa uvutwe ili pembe hiyo irudi. Mwaka 1948 Ivar Palmer wa Uswidi aliupasua mguu, akainua kiungo kilichodidimia na kukitegemeza kwa kipande cha mfupa. Mwaka 1958 Lindsay na Dewar, nchini Kanada, walirudisha mizani upande wa kutopasua. Kisha zikaja sahani za chuma na skani ya CT, na mwaka 1993 Sanders akatoa uainishaji unaohesabu vipande vya kiungo. Mizani ikageuka tena. Ni vigumu kutoona kwamba kila kifaa kipya kilileta imani mpya kabla ya kuleta ushahidi.

Ushahidi ulipokuja, haukuipa upasuaji ushindi uliotarajiwa. Utafiti wa Buckley na wenzake nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2002, haukuona tofauti kwa wagonjwa wote kwa jumla, ingawa baadhi ya makundi, hasa wasiokuwa wakidai fidia ya kazini, yalinufaika. Jaribio la Uingereza la mwaka 2014, lenye wagonjwa 151, halikupata faida ya upasuaji baada ya miaka 2, huku matatizo ya tiba yakiwapata asilimia 23 ya waliopasuliwa dhidi ya asilimia 4 ya wengine. Jaribio hilo halikuhusisha visigino vilivyoharibika umbo kupita kiasi, jambo ambalo wanukuzi wake hulisahau mara nyingi.

Pale ambapo ushahidi hauamui, mgonjwa ndiye huamua, na huamua kwa lugha. Rwanda iliamua kufundishia kwa Kiingereza mwaka 2008, baada ya miongo ya Kifaransa. Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Hadhi hiyo ina maana gani kwa fundi mwashi aliyelazwa Gihundwe au Mibilizi, anayeshauriwa kwenda hospitali ya rufaa ng'ambo ya msitu wa Nyungwe? Akiambiwa kwamba upasuaji “utaunga mfupa”, kukataa kutasikika kama kuchagua ulemavu. Na “matibabu bila upasuaji” ni jina la kitu kisichokuwapo. Halisemi kuinua mguu, kufanya mazoezi mapema, wala kutokanyagia kwa wiki kadhaa. Halitaji pia kwamba uvutaji sigara na kisukari huongeza hatari ya kidonda kutopona baada ya kupasuliwa.

Kwa hiyo fomu ya ridhaa, katika Kinyarwanda na Kiswahili, ingefaa kutenganisha kuunga na kurejesha umbo, na kuieleza kila njia kwa kile inachofanya. Sentensi yake ya kwanza, kabla ya kutaja kisu, iwe kwamba mfupa unatarajiwa kuungana kwa njia zote mbili.