Hongo: Urithi wa Njia ya Misafara Katika Ugogo

Yako maneno ambayo hudumu vinywani mwa watu hata baada ya mambo yaliyotajwa nayo kutoweka. Neno hongo ni mojawapo. Leo lamaanisha rushwa, yaani kitu kitolewacho kwa siri ili haki ipindishwe. Lakini katika karne ya 19 lilitaja pia ushuru uliolipwa mchana kweupe, na nchi iliyojulikana sana kwa ushuru huo ni Ugogo, ambako leo ni Mkoa wa Dodoma. Katika makala hii twakusudia kuchunguza tofauti hiyo, kwa kuwa wako wanaoitetea rushwa kwa kusema kwamba ni mila ya wazee wetu.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ndipo ikaingia Ugogo. Mbele yake tena kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Kati ya nyika hizo mbili, maji na nafaka vilikuwa mikononi mwa Wagogo. Nchi hii ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban milimita 570 kwa mwaka, na msafara wa mamia ya watu uliweza kukausha visima vya kijiji. Kwa hiyo watemi walitoza hongo: doti za merikani na kaniki, ushanga na masango. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Malipo yakiisha, msafara uliteka maji, ukanunua chakula na kupita kwa amani. Burton na Speke walilipa mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wageni hao walilalamika. Lakini mwenye kisima naye alikuwa na neno lake.

Hata hivyo tusiipambe desturi hiyo. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo. Hongo ilipokwisha kulipwa, msafara wenye watumwa ulipita kama mwingine wowote. Malipo yalikuwa ya wazi, wala hayakumfungua mfungwa.

Utawala wa Kijerumani uliweka vituo vya kijeshi Mpwapwa na Kilimatinde, ukawanyang'anya watemi haki ya kutoza, na tangu mwaka 1898 ukatoza kodi ya nyumba kwa ajili ya serikali. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na msafiri hakuwa tena na haja ya kumwomba mtemi maji. Hongo ya kale ikafa pamoja na wajibu wake. Hongo ya leo ina mwenye mamlaka akaaye mlangoni, lakini kisima anachokilinda si chake. Ni cha umma, na umma umekwisha kumlipa mshahara.

Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na uhamisho huo ukashika kasi tangu mwaka 2016. Basi Ugogo imekuwa tena njia ya wenye shida: wa kiwanja, wa kibali, wa ajira. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ilieleza jinsi rushwa ilivyoenea katika huduma za umma. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Hapo pia mila ya ukarimu ilitumiwa kuwa vazi la jambo jingine.

Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji (Luka 3:12-13), hakuwaamuru kuacha kazi yao, bali wasitoze kupita kiasi walichoamriwa. Kipimo hicho chatufaa, nasi tuanze kujipima nacho nyumbani mwetu. Bahasha iletwayo kwa mchungaji kabla ya kikao cha uteuzi hupewa jina la shukrani. Na tuulize: je, ingeweza kupokelewa mbele ya baraza la wazee? Na kama ingeweza, ni nani atakayeumizwa nayo, ambaye hayumo barazani?