Keïta, Seydou

Seydou Keïta (takriban 1921 – 21 Novemba 2001) alikuwa mpiga picha wa Mali, mashuhuri kwa picha za watu alizopiga kwa rangi nyeusi na nyeupe mjini Bamako kati ya mwaka 1948 na miaka ya mwanzo ya 1960.

Alizaliwa Bamako enzi za utawala wa Wafaransa. Shule hakusoma, alifundishwa useremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Kazi ya kusafisha picha alijifunza kwa Mountaga Dembélé, na mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwao, mtaa wa Bamako-Coura, si mbali na stesheni ya reli ya Dakar–Niger. Makarani, askari, wafanyabiashara na wasafiri wa treni wakawa wateja wake.

Alitumia kamera kubwa ya miguu mitatu yenye negativi za sentimita 13 kwa 18, na karatasi ya picha ililazwa juu ya negativi yenyewe, hivyo picha haikuizidi ukubwa. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua. Vifaa vilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu. Umahiri wake basi ulikuwa katika maandalizi: kumgeuza mteja ubavu kidogo, kumwekea mikono, kutandaza vazi. Asiye na suti, saa au redio aliazimwa papo hapo.

Pazia lake la kwanza la nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitanda lenye matamvua. Alilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukadiria umri wa negativi zake. Katika picha bora zaidi, maua ya vazi la mwanamke na nakshi za pazia hukaribia kuwa kitu kimoja, macho ya mtazamaji yakabaki na uso na mikono tu. Kwa rangi, athari hiyo ingepotea.

Mwaka 1962 serikali ya Mali huru ilimwajiri kama mpiga picha wake, na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977.

Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji. Mfaransa André Magnin alikwenda Bamako kumtafuta, na mwaka 1994 Keïta akapata maonyesho yake binafsi Paris, katika taasisi ya Cartier. Huko picha zilikuzwa hadi ukubwa wa bango, weusi wake ukakolezwa kuliko zile walizoondoka nazo wateja wa Bamako. Sifa yake ya kimataifa imesimama juu ya nakala hizo kubwa, ingawa ni zile ndogo zinazoonyesha alichokusudia alipokuwa kazini. Keïta mwenyewe alizipenda zilizokuzwa. Alifariki Paris, na baada ya kifo chake umiliki wa negativi ukagombaniwa mahakamani.