Kila Mlima na Baridi Yake

Ukipanda Mlima Kenya kutoka Naro Moru, ukapita msitu, ukapita mianzi, unatokea eneo la wazi linalokaa kama sayari nyingine. Hapo ndipo utakutana na senesio kubwa. Shina ni nene kama nguzo ya stima, na kichwani kuna majani mapana kama ya sukuma wiki iliyosahaulika shambani mwaka mzima. Watalii wanapiga picha, wanapost, wanaendelea na safari.

Lakini hebu simama hapo kidogo. Huu ni mmea wa ukoo wa alizeti. Ulifikaje mita 4,000 juu ya bahari, mahali maji hugeuka barafu usiku? Na je, ulijifunza kuishi huko mara moja tu, au mara nyingi? Swali hilo limechukua zaidi ya miaka mia moja kupata jibu, na jibu lenyewe lina uzito kwetu sisi tunaoishi chini ya milima hii.

Tuanze na wageni. Mwaka wa 1884 Mwingereza Harry Johnston alikwea Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama. Mwaka wa 1887 Count Teleki, tajiri kutoka Hungaria, akapanda Mlima Kenya hadi juu ya mita 4,000 lakini hakufika kileleni. Halford Mackinder ndiye aliyefika, mwaka wa 1899. Wenyeji walikuwa wanauita mlima huo Kirinyaga kitambo, ila daftari za wageni hazikuwa na haraka ya kuuliza. Mimea ikapewa majina kama mitaa ya mji wa kikoloni: senesio moja ikawa ya Johnston, lobelia moja ikawa ya Teleki, na senesio nyingine ikaitwa battiscombei, kwa jina la Battiscombe, afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni.

Shida haikuwa majina tu. Mmea wa urefu wa nyumba hauingii kwenye sanduku. Wakusanyaji walikata jani, wakakata maua, wakakausha na kupeleka Ulaya. Huko mtaalamu aliangalia umbo: jani lina manyoya au halina, shina lina matawi mangapi. Kwa macho hayo kila mtaalamu alitoka na hesabu yake. Mmoja aliona spishi nyingi, mwingine akaziunganisha zikabaki chache. Mwaka wa 1978 Bertil Nordenstam, Mswidi, aliitenga mimea hii kuwa jenasi yake, Dendrosenecio, lakini ubishi wa nani ni ndugu ya nani haukuisha.

Jambo moja hata hivyo kila mtu aliliona. Karibu kila mlima una ngazi. Mlima Kenya, battiscombei hukaa chini karibu na msitu, keniensis hujilaza kwenye majimaji kama kabichi kubwa, na keniodendron husimama juu kabisa penye mawe. Kilimanjaro nako kuna johnstonii ya chini na kilimanjari ya juu. Sasa, je, zile za juu zote ni ukoo mmoja wa wazoefu wa baridi, waliorukaruka kutoka kilele hadi kilele? Au kila moja ni jamaa wa jirani yake wa chini, aliyepanda polepole?

Fikiria maghorofa ya Nairobi. Wakazi wa orofa za juu kabisa katika kila jengo, je, ni familia moja inayohama kutoka jengo hadi jengo? Au kila jengo lina familia yake iliyopanda ngazi kutoka chini?

Kabla ya jibu, elewa kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani. Huko juu mchana jua linachoma, usiku kila kitu kinaganda, na hali hiyo hurudi siku baada ya siku. Hakuna msimu wa kupumzika. Senesio za juu haziangushi majani yake makavu. Huyashikilia kwenye shina kama koti zito, shina lisigande. Usiku ukiingia, majani mabichi hujikunja na kufunika kichipukizi cha katikati. Ndani ya shina kuna akiba ya maji, kwa sababu asubuhi jua huwaka majani yakiwa tayari kufanya kazi huku udongo ukiwa bado mgumu kwa barafu.

Hakuna mmea uliokaa chini ukapanga haya. Mbegu hutofautiana kidogo kidogo katika jeni zake, na baridi huzichuja kama ungo. Anayeangusha majani mapema anaganda kabla hajazaa. Anayeyashikilia anaishi, anaacha mbegu, na watoto wanarithi tabia hiyo. Rudia hivyo vizazi kwa vizazi. Senesio hizi pia zina kromosomu 100, yaani seti kumi badala ya mbili kama zetu. Jeni ikiwa na nakala nyingi, nakala moja inaweza kubadilika huku nyingine ikiendelea na kazi ya zamani.

Mwaka wa 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walisoma DNA ya kloroplasti za senesio za milima yetu. Simulizi waliyoipata ilianzia juu Kilimanjaro, yapata miaka milioni moja iliyopita. Kwa umri wa milima, hiyo ni jana. Elgon ulikuwepo mamilioni ya miaka kabla ya Kilimanjaro, kumbe senesio zake ni wageni waliofika baadaye.

Kisha mwaka wa 2020 likaja jaribio lililouliza swali letu moja kwa moja. Mtafiti Felly Mugizi Tusiime wa Uganda na wenzake walichukua mimea 460 kutoka sehemu 109, katika milima yote mikubwa yenye senesio. Kama wazoefu wa baridi ni ukoo mmoja, senesio za juu za milima tofauti zingefanana kijeni. Hazikufanana hivyo. Kwa sehemu kubwa, mimea ilijipanga kwa mlima. Senesio ya juu iko karibu zaidi na jirani yake wa chini kuliko na pacha wake wa sura aliye kilele kingine. Mara chache upepo umebeba mbegu juu ya nyanda za joto na damu zikachanganyika, lakini mpangilio mkuu ni huo. Kila jengo, familia yake, ngazi yake.

Ndiyo maana wale wataalamu wa majani makavu walichanganyikiwa. Sura zilifanana kwa sababu mtihani ulikuwa mmoja, si kwa sababu walinakiliana majibu. Hata milima ya Andes, Amerika Kusini, ina mimea ya ukoo huohuo wa alizeti, Espeletia, yenye shina nene na koti la majani makavu. Baridi iliuliza, nao wakajibu vivyo hivyo.

Sasa uzito wenyewe. Utafiti huohuo ulikuta kwamba ndani ya kila kundi, utofauti wa jeni ni mdogo sana. Ungo unahitaji mbegu tofauti ili upate cha kuchagua, na hapa mbegu zinakaribiana mno. Zamani dunia ilipopoa, ukanda huu wa juu ulishuka na kupanuka. Dunia inapopata joto, ukanda hupanda na kubanwa, na Mlima Kenya unaishia mita 5,199. Juu ya hapo ni hewa. Ongeza moto: ule wa Machi 2012 uliteketeza sehemu kubwa ya nyanda za juu za mlima huu.

Kuna mtu atasema, si tutachukua mbegu mlima mwingine tupande? Hapo ndipo historia hii inakataa. Senesio ya Cherangani haiko kwingine popote. Hiyo ya Elgon ilijibu baridi ya Elgon. Ukipoteza ya mlima mmoja, hujapoteza tawi la mti ambao mizizi yake iko kwingine. Umepoteza jibu zima ambalo mlima ule ulilitafuta peke yake kwa mamia ya maelfu ya miaka, na jirani hana nakala yake.

Kwa hivyo, tukizungumza kuhusu kulinda milima, tuhesabu mlima mmoja mmoja. Cherangani haivumi kwa hoteli za watalii wala kwa kilele cha kupigia picha, na moto wake ni nadra kufika kwenye taarifa ya saa moja. Senesio yake inastahili mlinzi wake mwenyewe.